Aliyesimama Juu ya Barafu

Kisiwani Kihnu, bahari ikishaganda, magari hupita juu yake kwenda bara, na sheria ya njia hiyo ni fupi: usimsogelee aliye mbele, usisimame. Veera aliijua kama anavyoijua Baba Yetu. Akasimama.

Alisimama kwa sababu tawi la mreteni lilikuwa limeanguka. Matawi hayo huchomekwa kwenye barafu kuonyesha njia, na mtu wa Kihnu hapiti lililolala bila kulisimamisha. Theluji ikivuma, anayekuja nyuma atafuata nini? Aliyekuja nyuma alikuwa Endel, kaka wa marehemu mumewe, naye alifuata mpaka gari lake likaingia kwenye buti ya gari la Veera. Hakuna aliyeumia. Lakini gari lilikunjika nyuma, na bila gari samaki wake wa kukaushwa kwa moshi hawafiki soko la Pärnu huko bara, na bila soko kibanda cha moshi kinafungwa.

Siku mkaguzi wa bima alipokuja, Endel alimtangulia, akajimiminia kahawa.

"Shemeji, tuseme ilikuwa gatini. Pale kusimama ni halali. Bima yangu italipa yote."

"Na Mungu naye tumwambie ilikuwa gatini?"

"Mungu hakukata bima."

"Ni Kwaresima, Endel. Nimeacha nyama na siagi, halafu nianze uongo?"

"Basi wewe usiseme. Kohoa tu, niseme mimi."

Mkaguzi, binti aitwaye Kadri, aliingia na theluji viatuni, akarudishwa mlangoni kuvivua. Alipoketi akauliza ilikuwaje. Endel akafungua kinywa, Veera akamuwahi.

"Nilisimama kwenye barafu, mwanangu. Nilishuka kusimamisha tawi."

"Mama, unajua ni marufuku."

"Najua."

"Basi kosa ni lako. Hutapata kitu."

"Andika kwamba nilisimama, sikatai. Lakini kosa si langu lote. Hata gari lingenizimikia, aliye nyuma alipaswa kuwa mbali. Muulize huyu alikuwa wapi."

Kadri akamgeukia Endel. Endel akatazama dirisha, kisha kikombe, kisha shemeji yake, ambaye hakukohoa wala hakupepesa jicho.

"Nilikuwa karibu," akasema. "Karibu mno. Theluji ilinifumba macho, matawi siyaoni, nikashika taa zake za nyuma kama ndama na mkia wa mama yake."

"Hilo hukulisema kwenye simu."

"Kwenye simu huyu hakuwa ananitazama."

Kadri akafikiri. "Nusu kwa nusu. Zaidi ya hapo ofisi haitakubali."

"Nikikata rufaa?"

"Unaweza, Mama. Ila jibu litakuja barafu imeshayeyuka."

Veera akapiga moyo konde. Nusu ingenyoosha chasisi na kurudisha taa. Mlango wa buti ungebaki ulivyo. Gari lingetembea. Akakubali, akamkatia mgeni mkate wa kula njiani.

Kadri alipoondoka, Endel akajikuna shingo. "Buti nitainyoosha mwenyewe. Nyundo ninayo."

"Ndoo yangu uliinyoosha, mpaka leo haishiki maji."

"Samaki si maji, shemeji."

"Haya, nyoosha. Na mlango ukikataa kufunga, Ijumaa utakaa nyuma na masanduku, uushike kwa mikono mpaka Pärnu."

Endel akaimaliza kahawa yake, akatoka kwenda kutafuta nyundo.