Kalamu Ilipochora Shimo

Kalamu ya mashine ilitakiwa kuchora mstari mnyoofu tu. Ndinda alikuwa ameingiza methanoli safi kwenye mashine, isiyo na mahindi wala chochote, aone kama karatasi ingetoka tupu. Kalamu ikaenda, ikaenda, halafu mahali pale pale ambapo sumu ya ukungu huchora kilima, ikadidimia na kuchora shimo.

Aliinamia karatasi akaliangalia shimo lile.

Ulikuwa mwaka wa njaa, themanini na nne, na maabara ndogo ya mradi wa nafaka pale mjini Wote ilikuwa ikipima mahindi ya msaada yaliyonyeshewa njiani. Wiki iliyopita mahindi ya kijiji cha Tulia, kwao Mulei, fundi mwenzake, yalichora mstari mnyoofu. Yakaitwa safi, yakagawiwa. Leo ilikuwa zamu ya Matiliku. Mahindi yake nayo yalichora mstari mnyoofu, na barazani Mzee Kilonzo wa kanisa alikuwa akingoja neno moja tu akafungue ghala. Watu wake walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri.

Lakini mahindi yale Ndinda alikuwa ameyashika kwa mikono yake. Yalikuwa na vumbi la kijani, na harufu kama ya blanketi lililolala na maji.

"Bado unacheza na hiyo kitu?" Daktari Irungu, mkuu wao, alisimama mlangoni. "Karatasi imenyooka. Andika safi, watu wale."

"Daktari, naomba muda kidogo. Kuna shimo."

"Shimo! Sijasikia mtu akiuawa na shimo la kalamu. Ni hewa hiyo. Itoe kwenye pampu."

Aliitoa. Akakaza maungio yote, akapitisha kidole chini ya kila mrija akitafuta unyevu. Mikavu. Presha ilikuwa imetulia. Akaingiza methanoli tena, na shimo likarudi palepale. Hewa haina adabu ya kurudi mahali pamoja.

Basi akakaa kwenye stuli akafikiri. Kalamu hupanda pale kinachoingizwa kinapokuwa na sumu nyingi kuliko kile kinachopita. Ikishuka, maana yake kilichoingizwa ndicho kisafi. Sumu ilikuwa ndani ya ule mchanganyiko wa maji na methanoli unaosukumwa na pampu mchana kutwa. Na mahindi yenye sumu yakipita ndani ya maji yaliyokwisha kuishibisha mashine kwa sumu, kalamu ingeinukia nini? Ndiyo maana kila asubuhi alilazimika kuzungusha kitufe cha sifuri, kile cha kurudisha kalamu chini, zaidi ya jana. Alidhani ni taa ya mashine inazeeka.

"Mulei," alisema polepole, "hii chupa ya pampu unaijaza na nini?"

Mulei alicheka. "Na kile cha jana, dada. Kile kinachotoka huku nyuma ya mashine. Nakichuja na karatasi, kinang'aa kabisa. Ama ulitaka nimwage? Sisi tunachimba maji kwenye mchanga wa mto mpaka mgongo unalia, nyinyi wa college mnamwaga kama mko Mombasa."

"Na maji ya kusuuza chupa za ile sumu safi ya kulinganishia vipimo?"

"Pia hayo. Maji ni maji."

Hakuweza kumlaumu. Kwao Kilungu maji ya kunawa uso ndiyo huosha miguu, kisha hupelekwa kwa mche wa mpapai. Nani angefundisha mkono wa Mkamba kumwaga? Lakini karatasi ya kuchuja hukamata takataka tu. Sumu iliyoyeyuka hupita kama chumvi.

Alimwaga chupa yote kwenye pipa la taka, na Mulei akageuza uso. Akachanganya upya kwa methanoli mpya na maji safi ya mwisho, yaliyotoneshwa kutoka mvuke, akayaacha yaoshe kolamu, lile bomba la chuma lililojaa unga mweupe, mpaka kalamu ikatulia chini kabisa. Akaingiza methanoli. Mstari mtupu, hakuna shimo.

Kisha akaingiza mahindi ya Matiliku.

Kalamu ilipanda, ikafika ukingo wa karatasi, na bado ikataka kwenda. Ikabaki pale ikigonga chuma, tak, tak, tak. Mlio ule ulimleta Daktari Irungu. Alitazama, akavua miwani.

"Nenda umwambie mzee," alisema, bila kumtazama.

Mzee Kilonzo aliinuka, kofia mkononi. "Ni mazuri, mama?"

"Ni sumu, Mzee. Inaua ini. Hata mkichemsha haitoki. Msiwape hata kuku."

Aliizungusha kofia. "Sasa niende niwaambie wapike nini?"

Mzee akavaa kofia yake na kushuka ngazi, akishika ukuta.

Ndani, Mulei alikuwa amesimama mbele ya kabati la sampuli, na mkononi ana kichupa kilichobaki cha Tulia.

"Pima hii."

"Mulei..."

"Pima, Ndinda. Mwaitu, mama yangu, amepika isyo wiki nzima, hayo mahindi na maharagwe. Jana amenitumia salamu, ati macho yake yamekuwa manjano. Nikamjibu ni malaria, mama, kula upate nguvu."

Alichukua sindano. Mulei hakuketi. Mstari ulikwenda mnyoofu kwa kitambo.

Kisha kalamu ikaanza kupanda.