Mkanda wa Katikati

Thomasi alikuwa ameahidi kuosha mikanda yote ya gari. Mzazi mwenzake, Cresensia, alimpigia simu kutoka Singida, akatumia sauti ile ya muuguzi anayemsemesha mgonjwa mkaidi: "Doreen atakuja kwako likizo. Lakini hapandi gari lako mpaka uioshe mikanda yote, na mimi niikague kwa mkono wangu."

Alikuwa na haki, hata Thomasi hakubisha. Land Cruiser lake kuukuu lilibeba wapishi na masufuria ya kambi za watalii kutoka Karatu mpaka Engaresero, na vumbi la njia ile halibishi hodi. Zamani wakiishi pamoja, Cresensia alimwambia mpaka akachoka kwamba mkanda wa kiti anachokalia yeye umejaa uchafu, haukamati. Thomasi alikuwa na jibu moja tu: nitausafisha. Siku mbuzi walipokatiza barabara pale Rhotia naye akakanyaga breki, mkanda ukatoka wote bila kushika, na Cresensia akapasuka juu ya jicho. Doreen, aliyeketi katikati, hakuumia. Mkanda wake ulikuwa wa kizamani, wa kiunoni, usiojivuta wala kujirudisha; ukiukaza, unabaki hapo hapo. Mwaka huo Cresensia akaomba uhamisho, akaondoka na mtoto.

Basi Thomasi akaosha kama anayejiandaa kwa Krismasi. Alivuta kila mkanda mpaka mwisho, akaubana kwa kibanio cha nguo usijirudishe, akausugua kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya mche. Jiki hakutia, maana inakula nyuzi. Akaiacha ikauke kabisa, kwa kuwa mkanda ukirudishwa na unyevu unaota ukungu. Kisha akaivuta kwa ghafla mmoja baada ya mwingine, nayo ikakamata. Akacheka kwa furaha, pale uani, peke yake. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Ukabaki ule wa katikati.

Kuuosha kulitaka aulegeze wote, na hilo Thomasi hakuliweza. Ulikuwa umekazwa vile vile tangu siku ile ya Rhotia. Mara nyingine akirudi safari alifungua mlango wa nyuma, akauchomeka, ukafanya duara dogo juu ya kiti kitupu, akakaa akiutazama. Alimkumbuka sana mwanawe. Nguo zake zilikwenda naye na kitanda chake kilikwisha kuhamishwa. Mkanda huu tu ndio uliobaki na ukubwa wake. Wapishi walikatazwa kukaa pale, wakadhani kiti ni kibovu.

"Nani atauangalia huo," akajisemea, akafunga mlango.

Nani? Mama Doreen, nani mwingine!

Stendi ya Karatu, Cresensia aliteremka kwenye basi akiwa na begi, nyuma yake msichana mrefu mwenye miwani. Thomasi akampita kwa macho, akaendelea kuukodolea macho mlango wa basi.

"Shikamoo, baba," msichana akasema.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu!" Akamkumbatia haraka haraka ili asiuone uso wake. Picha za kwenye simu zilikuwa za sura tu, urefu haukuwemo.

Cresensia hakupoteza muda. Alikwenda moja kwa moja kwenye Land Cruiser, akauvuta mkanda wa mbele, ukakamata. Wa dirishani, ukakamata. Uso wake ukaanza kulegea.

"Umejitahidi, Baba Doreen."

Thomasi akajiona ameshapona. Kisha mkono wa Cresensia ukaufikia ule wa katikati, na vidole vikatoka vyekundu kwa vumbi.

"Na huu?"

"Huo niliuacha. Ni… ni saizi yake."

Cresensia akautazama mkanda, akamtazama binti yake. Afadhali angefoka. "Ilikuwa saizi yake akiwa chekechea, Thomasi."

"Basi akae dirishani."

"Nilikuambia yote, nawe ukasema yote."

Akalibeba begi, akamchukua Doreen kuelekea Noah ya abiria iendayo Endabash, nyumbani kwa mama yake mzazi. Thomasi akamfuata mbio.

"Hiyo Noah haina mkanda hata mmoja!"

"Dereva wa Noah hajaniahidi kitu."

Lilikuwa jibu lisilo na akili, na wote wawili walijua hivyo. Doreen akampungia mkono kupitia kioo. Noah ikaondoka.

Akanunua maji ya chupa na kipande cha sabuni dukani, akarudi garini, akaanza kuuosha mkanda ule pale pale stendi. Kile kibati cha kurekebishia urefu kilikuwa kimeganda kwa uchafu. Akakilowesha, akakisugua, akakisukuma kwa dole gumba mpaka kikakubali. Mkanda ukaachia. Sehemu iliyokuwa imejificha ndani ilikuwa bado nyeusi tii, haijaguswa na vumbi.

Sasa aulegeze mpaka wapi? Alikuwa amemkumbatia mtoto muda mfupi tu uliopita. Alijaribu kukumbuka kama kichwa chake kilimfika kifuani au begani, akakumbuka miwani. Akanyoosha mikono juu ya kiti, akaipanua kukisia kiuno. Ikarudi kwenye kile cha mtoto wa chekechea. Akaipanua tena, ikarudi pale pale.

Mpiga debe akaja kumuuliza kama anakwenda Mang'ola. Thomasi alikuwa bado ameinama na mikono wazi juu ya kiti, na hakujua mwanawe ana ukubwa gani.