Mnyororo wa Stoo

"Bwana Shamba, kufuli langu limekufa!"

Philbert alikuwa hajamaliza hata chai. Mzee Yotamu alisimama mbele ya stoo ya kijiji, kufuli lake likining'inia wazi, na mlango umefungwa vile vile.

Halikuwa limekufa. Limerukwa tena; mengine mawili yameshikana bila lake. Jamani, ugumu uko wapi? Mnyororo mmoja, makufuli matatu yameshikana: la mzee, la akina mama na la kijiji. Yeyote akifungua lake, mlango unaachia. Akiondoka analishikiza tena kwenye kufuli lililo jirani. Philbert alikuwa ameeleza kwa mdomo, kwa vijiti, mpaka kwa mikia ya mbuzi waliokuwa wakipita. Kwao mjini, Ipogolo, angeshaeleweka zamani.

"Bomba langu la dawa limo humo," mzee alisema. "Ugonjwa wa chule buni unamaliza kahawa, na wingu hilo linakuja. Leo nikilipata, nalirudisha nyumbani. Kijiji kipulizie kwa midomo."

Lilikuwa bomba pekee kijijini. Likiondoka, mibuni ya watu wote imekwisha. Philbert akatoka mbio mpaka kwa Tusekile, mshika ufunguo wa akina mama, aliyefunga stoo jana. Alimkuta akimenya ndizi na jirani yake, Yudith.

"Kwa nini unaliruka kufuli la Mzee Yotamu?"

Tusekile aliinamisha kichwa. "Yuko pale?"

"Yuko, tena amekasirika. Twende ukafungue."

"Basi siendi."

"Mnanitafuta nini nyie watu?" Philbert alifoka. "Nichore tena chini?"

Yudith aliangua kicheko. "Yule si baba mkwe wake? Njiani anamkwepa, jina lake halitaji, leo ashike kufuli lililotoka mkononi mwake?"

Philbert aliona aibu, kisha hasira ikampanda upya. "Miezi yote hii, mbona hakuna aliyeniambia?"

"Kwani uliuliza? Wewe ulikuwa unafundisha tu."

Alichukua ufunguo wa Tusekile, akaenda kufungua, akamtolea mzee bomba lake. Kisha akapita chumbani kwake, akang'oa kufuli la sanduku la bati lenye kila alichokuwa nacho huku Mbeya. Sanduku likabaki wazi. Kufuli akalishikiza kwenye la mzee, na upande wa pili akaacha nafasi ya la Tusekile.

Mzee Yotamu alilitazama lile kufuli geni pale katikati.

Tusekile alitokea na masufuria ya akina mama kichwani, akiyarudisha stoo, akamwona mzee, akajibanza nyuma ya migomba. Njia ya mzee kwenda shambani ilikuwa hiyo hiyo moja. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati la stoo.

Mzee alikohoa. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani na bomba lake mgongoni, akawapa kisogo. Alisimama hivyo, mvua ikimlowesha, akisubiri kusikia kufuli likibana.