Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo hajawika bado, na jikoni kwa Kogo Rodah, juu ya Kapsoit ambako chai imepandwa hadi kwenye ukuta wa choo, ufito wa kusugulia ulikuwa ukizunguka ndani ya kibuyu cha maziwa. Alikuwa amekichoma ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet kama alivyofundishwa na mama yake, na sasa aliyasaga makaa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Maziwa aliyoyagandisha tangu wiki iliyopita yalingoja kando kwenye sufuria, yarudishwe humo.

"Leo nisaidie," alikiambia. "Kuwa na ladha ya zamani, hata kama ni ya kuigiza."

Maana mjukuu wake Joan alikuwa anakuja. Joan ni mwanasayansi, na kazi yake yote ilianzia ndani ya kibuyu hiki. Alipoondoka kwenda chuo kikuu alibeba chupa ndogo ya mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ya nyanya yake, na hakuinywa. Alitaka ile hamira inayoishi ndani yake, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Nyingine aliilaza kwenye barafu isizeeke, nyingine akaifuga katika chupa za maabara, ikizaa miaka nenda miaka rudi, yeye akitazama inavyobadilika.

"Ni kama nyimbo za kanisa, Kogo," alimweleza wakati mmoja. Kogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya. "Kila kiumbe kina wimbo wake ndani, mrefu ajabu, unaitwa jenomu. Kikizaa, mtoto anaurithi wimbo. Mara mojamoja anakosea neno. Kosa likiwa baya, wimbo unafia hapo. Likiwa tamu, baadaye wote wanaliimba."

"Kama kwaya ya Kipkelion walivyogeuza kibwagizo chetu!" Rodah alisema, na tangu siku hiyo akaelewa kabisa.

Sasa Joan alitaka ndugu waliobaki nyumbani, wale wa kibuyu, awalinganishe na wale wa maabara. Bila hao, swali alilolifuata tangu ujana wake lingebaki bila jibu. Na kesho alikuwa anarudi Nairobi.

Na hao wa nyumbani walikuwa wamekwisha kufa.

Miezi miwili iliyopita, Rodah alipolazwa hospitali kwa kichomi, jirani yake Dorcus, mke wa Otiende wa kiwanda cha chai, alimkamulia ng'ombe, akamlishia kuku, akapiga deki, yote bila kuombwa. Rodah alirudi akakuta nyumba inang'aa. Kibuyu nacho kinang'aa, na kinanukia sabuni ya unga. Tangu hapo maziwa yaliganda, ndiyo, lakini kwa ulimi wake yalikuwa ya mgeni. Hakusema neno. Utamwambiaje mtu aliyekukamulia ng'ombe kwamba amekuoshea ukoo mzima?

Joan aliingia saa nne na buti za matope, sanduku la barafu begani.

"Chamgei, Kogo!"

"Chamgei mising! Umekonda. Huko maabara mnakula hiyo sukari ya vijidudu?"

Joan alicheka, akamiminiwa bilauri. Akaonja. Akaonja tena, nyusi zikapanda.

"Kogo... hii ndiyo ile?"

Kabla Rodah hajajibu, mlango ulijaa Dorcus, hotipoti ya chapati mikononi.

"Dakitari! Karibu nyumbani! Umeona hicho kibuyu? Ni mimi niliosha! Mama akiwa hospitali!"

Rodah akaanza kukohoa.

"Maji ya moto, mara tatu! Na Mama anywe maji, hicho kifua hakijapona. Na sabuni! Nilikisugua mpaka kikaomba msamaha!"

Joan akamtazama nyanya yake. Nyanya akaitazama dari.

"Nini?" Dorcus akauliza. "Nimefanya nini?"

Ikabidi aambiwe. Joan alimweleza polepole na kwa heshima, na kadiri alivyoeleza ndivyo hotipoti ilivyozidi kuinama, mpaka Rodah akaiokoa.

"Uwi! Nimeua ukoo!" Dorcus alishika kichwa. "Na Mama ulinyamaza? Umenisalimia kila siku, unanipa sukuma wiki, na nimekuulia watu?"

"Ulinifulia hata blanketi," Rodah alisema. "Ningeanzia wapi?"

Dorcus akaanza kufinyafinya ncha ya leso yake.

"Mama, kuna neno. Lakini msinicheke."

"Sema."

"Siku ile kibuyu kilikuwa na maziwa. Nikaogopa kumwaga chakula cha Mama. Nikayapeleka kwangu. Otiende akaonja na ugali. Tangu siku hiyo hatulali bila hayo. Nikibakiza kidogo, naongeza mapya. Mimi, ambaye kila siku nilikuwa naita hii kitu maziwa ya masizi! Ningekwambiaje?"

Joan alisimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Yako wapi?"

"Kwa ndoo."

Walikimbia. Nyanya wa kifua kibovu, mwanasayansi na mke wa Otiende, wakapita katikati ya chai huku kuku wakiwapisha. Ndoo ilikuwa chini ya meza ya Dorcus, nyeupe, iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia. Rodah alichota kijiko, akafumba macho. Chumba kizima kikangoja ulimi wake.

"Hayana makaa," alisema. "Yamekuwa makali kidogo, kama mtu aliyehamia mjini. Lakini hawa ni watu wangu!"

Joan alipiga kelele, akambeba Dorcus juu, na Dorcus si mwepesi. "Ulimi umesema, mashine itathibitisha! Mnajua mmefanya nini? Kwa hamira, hiyo miezi miwili ni kama toka Mfalme Daudi mpaka mimi! Ukoo mmoja, umehamia ndoo ya plastiki, bila moshi! Huko kwangu hilo ni jaribio la watu watano na vyombo vya kioo!"

"Basi wengine wako kwa jirani yetu Mzee Kipkurui," Dorcus alisema, sasa akiwa na kiburi. "Nilimpelekea, tangu mkewe afariki hana wa kumgandishia. Aliniapisha nisiseme. Ati Mkipsigis mzima kugandishiwa mursik na Mjaluo!"

Rodah alicheka mpaka akakaa chini. Wema hauozi, walisema wazee. Hawakusema kwamba huchacha, ukaongezeka, ukahamia kwa majirani.

Mzee Kipkurui alikutwa mlangoni kwake, akakana kila kitu.

"Mursik? Mimi? Ya Dorcus? Hapana."

"Mzee," Rodah alisema, "masharubu yako ni ya kijivu."

"Ni uzee."

"Yanadondoka."

Akajifuta, akatazama maziwa ya makaa kiganjani, akaanza kucheka yeye mwenyewe, akaenda kuleta kibuyu. Joan alijaza vichupa vyake: vya ndoo, vya kibuyu cha mzee, na vya maziwa mageni ya Rodah pia, maana hata mgeni ana wimbo wake. Na Dorcus alikuwa tayari amemwahidi Rodah jagi moja, awarudishe watu wake nyumbani.

"Hawa wangu," mzee aliuliza, akigonga kichupa kwa ukucha, "watazaa huko?"

"Sana, Mzee."

"Basi usinitumie habari kwa simu. Njoo mwenyewe uniambie wamebadilika vipi. Na uje na huyu Mjaluo, na nyanya yako. Njooni tena. Nyumba hii ilikuwa haijacheka siku nyingi."