Ujira wa Kumtembeza Breki

Mwanamke tusiyemjua alibisha hodi Jumapili asubuhi, mama akiwa kwenye cherehani na kaka akiwa bado amejifunika shuka gubigubi. Nilipofungua mlango, kilichotangulia kuingia hakikuwa salamu. Ilikuwa pua. Mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, amelowa chapachapa kwa mvua, alijipenyeza kati ya miguu yangu na mlango, akaenda kusimama chini ya meza ya mama, akajikung'uta. Sare za shule ambazo mama alikuwa amezimaliza na kuzipanga zikarukiwa na tope.

"Jamani, samahani! Samahani sana, mama," yule mgeni alisema, akivutwa na kamba. "Ananizidi nguvu huyu. Wewe ndiye msomi? Mwenye duka pale kona ameniambia humu kuna msomi anayetafuta kazi yoyote."

Hilo neno "yoyote" lilinichoma, lakini lilikuwa la kweli. Nilikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii na barua za maombi ambazo haikujibiwa hata moja.

Alijieleza akiwa amesimama, maji yakimchuruzika. Alikuwa karani wa benki. Baba yake, dereva wa treni mstaafu, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi tena. Mbwa alikuwa wa baba. Asipotolewa nje alitafuna viti na kubweka kutwa, na mwenye nyumba alikuwa ameshasema la mwisho: kelele zikiendelea, mbwa aondoke.

"Nataka mtu wa kumtembeza, asubuhi na jioni. Nitalipa kila wiki."

Kichwa cha kaka kilichomoza kwenye shuka. "Kumtembeza mpaka wapi?"

"Popote. Wazunguke tu."

"Halafu warudi?"

"Ndiyo, warudi."

"Na kwa hilo mtu analipwa?" Kaka akaketi kabisa. "Dada yangu, mimi kila siku natembea kwenda gereji na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza bei."

Mama hakucheka. Alikuwa anasugua tope kwenye kola kwa kitambaa. "Mwanangu amesoma," alisema, kama anayeiambia cherehani.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja. Wasiosoma wote wamenikatalia."

Nilikubali. Kodi ya vyumba vyetu viwili ilikuwa inamkalia mama kooni, na mimi, kusema kweli, nilikuwa na imani zangu. Nilijiambia: kuna mzee hawezi kuinuka, kuna mnyama amefungiwa ndani, kama maendeleo ya jamii hayaanzii hapo, yanaanzia wapi? Kaka aliposikia maneno hayo alijifunika tena.

Mzee aliishi chini kabisa kwenye jengo la ghorofa, chumba chenye ukungu kwenye pembe za dari na harufu ya dawa ya kuchua. Kitanda kilisogezwa dirishani ili aone barabara. Mkono mmoja ulilala juu ya blanketi kama kitu alichokiweka mtu mwingine. Mkono wa pili ulikuwa kichwani kwa mbwa, na mbwa alikuwa ameegemeza kidevu kitandani, amefumba macho.

"Anaitwa Breki," Mzee alisema. Maneno yake yalitoka polepole, kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilimwokota relini. Amekaa katikati ya njia, hatoki, mpaka nikasimamisha treni nzima. Abiria walinitukana siku ile, mwanangu! Matusi mengine sikuwahi kuyasikia kabla wala baadaye."

Siku za kwanza Breki hakutaka kuondoka kitandani pale. Nilimvuta, akajilaza. Nilimbembeleza, akanitazama kama karani anayekwambia rudi kesho. Ikabidi Mzee mwenyewe amwambie, "Nenda," na hata hapo alienda kinyumenyume, macho kwa bwana wake. Nje watu walitukwepa, wakahamia upande wa pili wa barabara. Rafiki wa mama alinikuta nimeinama na mfuko wa plastiki mkononi, naokota mavi, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Aa, ndiyo digrii hiyo?"

Nilivumilia. Nikaanza kubeba vipande vya maini makavu mfukoni. Nikawa naongea naye njia nzima. Nilimweleza habari za usaili nilioukosa, nikamwuliza maoni. Nilijifunza kwamba anapenda kukunwa nyuma ya sikio la kushoto, na kwamba anaogopa miavuli. Taratibu akaanza kutembea karibu yangu, kamba ikalegea.

Mama mmoja mwenye duka la dawa alituona hivyo. Alinisimamisha, akaniuliza bei, na juma lililofuata nikawa na mbwa wake wawili, baada ya Breki.

Watu huniuliza kama kazi hii inalipa. Mbwa mmoja halipi. Mbwa mmoja anakula soli ya kiatu kuliko anavyoijaza mifuko. Ukiugua hulipwa, mvua ikizidi mwenye mbwa anakwambia leo acha. Lakini mbwa watatu, na yule mwenye duka la dawa akilipa bila kukumbushwa, walitosha mimi kumwekea mama kodi mezani kabla hajaitaja. Aliichukua, akaifunga kwenye pindo la khanga. Jioni ile alinishonea mfuko wa turubai wenye mkanda wa kiunoni, wa kuwekea vitu vya mbwa. Nilijua maana yake.

Kwa hiyo nilikuwa na furaha siku nilipoharibu.

Nilifika jioni, nikamkuta Breki amelala nyuma ya mlango, si kitandani. Aliponiona aliruka mpaka akanilamba kidevu. Nikamwingiza kwa Mzee nikicheka.

"Mzee, unaona? Siku hizi ananisubiri mlangoni!"

Nilidhani namletea habari njema. Nilidhani ni kama mwalimu anayemwambia mzazi mtoto amefaulu. Mzee alitazama dirishani.

"Namsikia," alisema. "Anaanza kukusubiri mara tu ukiondoka."

Sikuelewa. Nilimtembeza Breki, nikamrudisha, nikamkuna sikio, nikaaga. Kesho yake Mzee aliniambia nikae kitini. Binti yake alikuwa bado kazini. Mbwa alikaa miguuni pangu, hatua kadhaa mbali na kitanda.

"Mwite," Mzee alisema.

"Nani?"

"Huyo. Hapana, usimwite wewe. Tazama." Akainua mkono wake mzima. "Breki. Njoo."

Breki alimtazama. Kisha akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa.

Sijui kama umewahi kuona uso wa mtu ambaye nusu yake tu ndiyo inaweza kuhuzunika. Nilitamani sakafu inimeze.

"Binti yangu ananilisha," alisema, akishusha mkono. "Ananiogesha, maskini, na hasemi kitu. Lakini anafanya kwa kuwa ni binti. Huyu alikuwa anakuja kulala hapa kwa kuwa anataka. Unaelewa tofauti?"

"Naelewa, Mzee."

"Wewe ni mtu mwema. Mtu mbaya nisingepata naye shida hii." Alijaribu kucheka, mate yakamtoka, akajifuta kwa bega. "Nikikuachisha kazi, atabweka, wamwondoe. Ukiendelea hivi, ataondoka vilevile, hata kama amelala humu ndani."

"Nifanye nini?"

"Mtembeze kama mtu anayesukuma toroli. Usiongee naye. Usimshike. Hayo maini, niachie mimi hapa, nimpe mimi akirudi. Mpaka nife. Haitakuwa mbali."

"Usiseme hivyo, Mzee."

"Na usimwambie mtu. Hata binti yangu. Ni aibu, mtu mzima kumwonea wivu mtoto kwa sababu ya mbwa. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Nikatoa maini mfukoni nikayaweka kwenye kisahani karibu na mto. Nilikuwa nalia, na yeye akajifanya anatazama barabara.

Kumchukia mbwa asiyekupenda ni rahisi. Kumnyamazia anayekupenda ni kazi ambayo sikufundishwa chuoni. Asubuhi ya kwanza alinirukia mlangoni, nikageuza uso, nikafunga kamba bila neno. Njiani alikuwa akitembea kidogo anasimama, ananitazama juu, masikio yamesimama. Aliniletea kijiti. Nikapita. Akakiokota, akanitangulia, akakiweka tena mbele ya viatu vyangu. Nikakiruka. Kesho yake alileta chupa ya plastiki iliyobonyea, kama aliyefikiri labda kosa lilikuwa kwenye kijiti.

Mvua za mwezi ule hazikukatika. Tulizunguka mtaa kimya, mimi na yeye, kama watu waliogombana kwenye msiba. Siku moja mwavuli ulifunguka ghafla karibu yetu, akaja kujificha nyuma ya miguu yangu, anatetemeka. Mkono wangu ulishuka wenyewe. Niliukamata kwa mkono wa pili.

Mwenye duka la dawa alikuwa amesimama kwenye baraza la duka lake siku ile. Nilipokwenda kuchukua mbwa wake, nilikuta geti limefungwa. Aliongea nami kwenye upenyo.

"Binti, nimekuwa nikikutazama juma zima. Yule mbwa wa mgonjwa unamburuta kama gunia. Leo amekukimbilia kwa hofu, hukumpa hata mkono. Umebadilika nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu? Basi ndiyo tabia yako. Mimi hawa ni wanangu, siwezi kuwapa mtu asiye na moyo." Akanisukumia noti za siku zilizobaki kwenye upenyo. Kisha, kwa sauti ya chini, "Kama kuna tatizo, niambie. Nitasikiliza."

Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ilifika mpaka kwenye meno.

"Asante kwa yote, mama," nilisema.

Nyumbani, kaka aliweka kijiko chini. "Yaani umefukuzwa kazi ya mbwa? Msomi, hiyo hata mbwa mwenyewe angeifanya."

"Ulikosa nini?" mama aliuliza.

"Sikukosa, mama."

"Mtu hafukuzwi bure."

Nikaanza kukusanya sahani. Mwezi ule kodi haikutimia, mama akapokea kushona mapazia ya hoteli, kazi aliyokuwa ameiapia kwamba hatairudia kwa ajili ya macho yake. Nilikuwa namsikia akikosa tundu la sindano, analamba uzi, anakosa tena.

Lakini Breki alirudi kitandani. Haikuwa siku moja. Kwanza aliacha kuleta vitu. Kisha aliacha kunirukia. Kisha, tukirejea, alikuwa ananiburuta yeye mpaka chumbani, anaweka kidevu pale pale pa zamani, na Mzee anampa maini kipande kimoja kimoja. Mzee hakunishukuru. Siku moja tu, mbwa akiwa amesinzia mkononi mwake, alinitazama kwa jicho lile zima, muda mrefu, na mimi nikaitikia kwa kichwa kumwambia naelewa.

Kiharusi cha pili kilimjia wiki hiyo. Kikamchukulia maneno.

Jioni nilipomrudisha Breki baada ya hapo, chumba kilikuwa na watu. Binti yake alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mwenye duka la dawa alikuwa ameleta dripu na pakiti za dawa yeye mwenyewe, anazipanga mezani. Aliponiona alijibu salamu yangu kwa midomo tu.

"Mama, huyu umemwonea," binti wa Mzee alimwambia. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukesha. "Mimi hajawahi kunikosea. Baba alimpenda."

"Sijasema ni mwizi. Nimesema hana huruma na wanyama. Labda nilikosea." Alinigeukia. "Nakwambia ukweli, tangu uondoke, wanangu hawa hawajapata mtu. Ningependa kukosea."

Nilikuwa namfungua Breki kamba. Sijui kama ni harufu ya dawa, au watu wengi, au alijua jambo kabla yetu. Lakini badala ya kwenda kitandani aligeuka, akaja, akaweka kidevu chake gotini pangu. Hakuwa amefanya hivyo kwa muda mrefu. Alitetemeka. Sikio la kushoto lilikuwa chini ya kiganja changu, hakijaligusa, bado kidogo tu.

"Si unaona?" binti wa Mzee alisema kwa upole. "Anakupenda. Mshike basi, dada."

Mwenye duka la dawa aliacha kupanga pakiti.

Nilitazama kitandani. Macho ya Mzee yalikuwa wazi. Sikuweza kujua kama yanaona. Hakuwa na namna tena ya kuniambia inatosha, nimekusamehe, mshike. Na alikuwa amesema mpaka nife, na kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

Breki alingoja. Alingoja kwa adabu, kama wanavyongoja mbwa, bila kulaumu. Mwenye duka la dawa alishusha pumzi, akarudi kwenye pakiti zake, na nilijua kwa mgongo wake kwamba hatanifungulia tena geti. Kisha mbwa akaondoa kidevu, akavuka chumba polepole, akapanda kwa miguu ya mbele kwenye godoro, akalaza kichwa juu ya mkono wa Mzee. Vidole vilisogea. Au manyoya ndiyo yalisogea, sijui.

Niliaga watu wote waliokuwamo chumbani, mmoja mmoja. Mbwa sikumuaga.