Moyo Unaochagua Kazi

Moyo wangu una tabia moja mbaya: huanza kwenda mbio nikiinama. Nikisimama saluni kusuka watu kutwa nzima, umetulia tuli. Nikirudi nyumbani nikainama na tambara la kudekia, unaanza ghafla, kama mtu kawasha mashine ya kusaga ndani ya kifua. Shingo inadunda, macho yanaingia kiza, nami nakaa hapohapo kwenye maji ya sabuni.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu. Ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya kwamba anaumwa tumbo. Alinitazama nikishikwa mara ya kwanza, akanitazama mara ya pili, ya tatu akatoa hukumu.

"Moyo gani huu unaochagua kazi? Penye pesa mzima, penye tambara mgonjwa."

Mara iliyofuata alikwenda jikoni. Alitoa jagi la maji kwenye friji akanimwagia usoni, lote. Nikashtuka, nikavuta pumzi, na moyo ukatulia palepale. Hilo ndilo lililonimaliza. Maji yasingefanya kazi, ningebaki mgonjwa. Yalipofanya kazi, nikawa mwongo.

"Umeona?" akamwambia mume wangu. "Dawa yake hii hapa."

Mume wangu ni fundi wa mafriji, mtu mpole. Ukimpa maneno mawili yanayopingana, huyabeba yote mawili. Tangu siku hiyo, kila nikishikwa, jagi. Nikifika hospitali moyo umeshatulia, kipimo hakionyeshi kitu. Daktari wa kwanza akaniambia nipunguze mawazo. Mawazo yenyewe nilikuwa naishi nayo nyumba moja, yanaangalia ninavyodeki.

Kisha mume wangu, macho kwenye sahani, akasema Jumamosi wazee watakutana, na mama anaona ni vizuri niende kwetu nikapumzike kidogo. Kila mke anajua maana ya kupumzika kwao. Unaondoka na sanduku moja, la pili unaletewa. Niliumia sana, maana nampenda mwanamume yule, pamoja na woga wake wote.

Ijumaa nikaenda kwa daktari mwingine, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama mkwe alinisindikiza ili daktari asidanganywe. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi.

"Ukiwa umetulia hatuoni kitu," akasema. "Mwizi huyu lazima tumkute kazini. Huwa unaanzaje?"

"Nikideki."

"Basi deki."

Nilidhani ananitania, lakini aliagiza ndoo na tambara kutoka kwa mfanya usafi. Nikadeki chumba cha daktari, mama mkwe akiwa kitini, mkoba mapajani.

"Kona ile umeiruka," akasema.

Nikainamia kona. Ukaanza.

Mama mkwe, kwa mazoea, akanyanyuka kutafuta maji. "Mama, kaa!" daktari akasema, kwa sauti ambayo nadhani watoto wa darasa la kwanza wanaifahamu. Akakaa.

Nikaketishwa kitandani, nesi akanibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi. Mapigo mia moja tisini na nne kwa dakika. Daktari akamkabidhi mama mkwe ile karatasi.

"Moyo una umeme wake. Wa mkweo una njia moja ya ziada. Umeme ukiingia humo unazunguka tu, na moyo unaufuata mbio. Kazaliwa nayo. Si mawazo wala si uvivu."

Mama mkwe aliikagua karatasi mstari kwa mstari, kama anatafuta kosa la kuzungushia wino mwekundu. Hakuliona.

Nikapewa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, nilipulize kwa nguvu zote ili moyo utulie. Kisha wakanilaza chali, wakaninyanyua miguu. Moyo haukujali. Daktari akaagiza kitambaa na maji ya barafu, akanifunika uso. Ukatulia.

"Na nyumbani mnafanyaje?" akauliza.

"Mama hunimwagia maji ya baridi," nikasema.

"Vizuri sana! Nani alikufundisha, mama?"

Nikangoja. Angeweza kujisifu, nami nilikuwa tayari kumchukia mpaka kaburini.

"Hakuna," akasema. "Nilimmwagia kwa hasira."

Daktari, huku anaandika vidonge, akasema kitambaa kinatosha, jagi la nini. Akasema pia kwamba nikizimia au kifua kikinibana tusihangaike na maji, tukimbilie hospitali, na kwamba hospitali kubwa wanaweza kuiunguza ile njia ya ziada nikapona kabisa. Tukarudi nyumbani. Njiani alinibebea mkoba.

Jumamosi wazee walikuta sakafu ya sebule imelowa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, anadeki. Mimi nilikuwa nimekaa kitini kwa amri yake, na mume wangu amesimama mlangoni na ndoo ya pili, hajui aiweke wapi.

"Pitieni pembeni," mama mkwe akawaambia. "Mkwe wangu ana ugonjwa wa moyo, hainami."

Alikuwa ameiruka kona moja. Nikanyamaza.

Mzee mmoja akavua viatu, akauliza sasa kikao kinamjadili nani.

"Mimi," akasema mama mkwe, akakamua tambara.