Komeo la Ndani

Filimbi ilipolia mara tatu, Bibi Chaki aliusukuma mlango wa darasa la kwanza, akazungusha ufunguo, akawaashiria watoto walale chini ya madawati. Hakuwa bibi yao kwa damu. Walimpachika jina hilo kwa mvi zake na lile vumbi jeupe lisilomtoka vidoleni. Siku hiyo ilikuwa ya mazoezi: shule ilikuwa inajifunza itafanya nini siku mtu mwenye silaha akivuka geti.

Kuwanyamazisha watoto wa umri ule ni kuchota maji kwa pakacha, lakini yeye alikuwa na njia yake.

"Kitendawili," alinong'ona.

"Tega," wakanong'ona.

"Nampiga halii, namfukuza haondoki, nikilala naye analala. Mwenye jibu aliweke chini ya ulimi mpaka filimbi ya mwisho. Atakayelitema mapema, utamu umekwisha."

Mashavu yakavimba. Darasa likawa kimya kama limemwagiwa maji.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Bibi, ni mimi. Nilikwenda chooni."

Alikuwa Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kusema bila kumeza mate. Sasa sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Na kanuni ya mazoezi ilisema wazi: mlango ukishafungwa haufunguliwi, agonge nani agonge.

Bibi Chaki alisimama na ufunguo mkononi. Yeye alijua kuwa ni mazoezi tu. Mtoto wa nje angejuaje?

"Bibi, kwani nimekosa nini?"

Basi, hapo moyo wa mama ulikatika. Akafungua.

Watoto walipokwenda nyumbani, mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanawe, lakini kiti ni kiti.

"Mama, leo umetuulia darasa zima."

Pembeni alikaa Kamanda, mwanajeshi mstaafu aliyeletwa kuwafundisha. Yeye alisema kwa upole, "Kanuni haina ubaya, mwalimu. Adui anaweza kumtanguliza mtoto, akamwambia gonga."

"Nimekuelewa, baba. Sasa niambieni, aliyekutwa nje akimbilie wapi?"

"Abaki chooni. Ajifungie."

Bibi Chaki akacheka mpaka akashika mbavu. "Ajifungie kwa nini? Kwa mate?"

Mkuu akajikohoza. Makomeo ya ndani ya vyoo aliyang'oa yeye mwenyewe, maana watoto walikuwa wanajifungia humo kukwepa hesabu. Akaweka ya nje, ili mlango usipigwe na upepo.

"Hilo tutaliangalia muhula ujao," alisema. "Kesho tunarudia. Ukifungua tena mlango, nitakuondoa darasani."

"Sitafungua, mkuu wangu."

Mkuu akashusha pumzi. Alisahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kesho yake filimbi ililia. Milango ikafungwa, pa, pa, pa, shule nzima. Mmoja tu ulibaki wazi, na ndani hamkuwa na mtu. Bibi Chaki alikuwa anakatiza uwanja na darasa lake lote, wameshikana mikono, Chiriku mbele. Wakajipanga mbele ya vyoo, mchana kweupe, na kila dirisha likawa na macho.

Mkuu alikuja mbio, tai imemrukia begani.

"Nilikwambia usifungue mlango!"

"Sikufungua, mkuu. Sikuufunga kabisa."

"Huu ni uasi!"

"Ndiyo. Nami sijaufanya kwa kificho. Kama kuna mtoto mmoja wa kuachwa nje, tumekuja wote tuone alipoachwa."

"Nitakuondoa, mama. Sikutanii."

"Niondoe. Atakayekuja baada yangu naye ataulizwa na huyu, 'Nimekosa nini?' Mtafutie na jibu."

Kamanda alifika. Aliingia choo cha kwanza, akaurudisha mlango, akajibana ndani.

"Mkuu," aliita kutoka humo, "mimi ni mtoto, nimejificha. Wewe ndiye adui. Fungua."

Mkuu alisita. Akagusa mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka wote, na mzee wa watu akaonekana amechuchumaa, mikono kichwani. Watoto wakaanza kucheka. Kisha wakamwona Chiriku hacheki, nao wakaacha.

Kamanda akainuka taratibu. "Mimi ndiye niliyesema ajifungie," alisema. "Sikuja kwanza kuutazama mlango."

Mkuu alipangusa jasho. Aliangalia madirisha, akaangalia tundu za misumari pale alipong'oa makomeo.

"Fundi ataitwa," alisema.

"Lini?"

"Mama, nimeshasema ataitwa!"

"Ahsante, mwanangu. Tutamngojea." Bibi Chaki akakunja sketi yake, akaketi chini kwenye saruji mbele ya vyoo. Darasa la kwanza lote likaketi naye. "Simu unayo mfukoni."

Mkuu alitia mkono mfukoni. Kisha akaitoa.